Mizani Mbili Zikitofautiana: Barua kwa Vijana Wenye Usonji Wanaowasoma Watu kwa Sayansi

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia ninyi ambao mkitoka kwenye kikao mnajifungia chumbani na kuyarudia mazungumzo neno kwa neno, mkitafuta mlipokosea. Ninyi mnaosoma saikolojia usiku wa manane bila mtihani wowote mbele yenu, kwa sababu tu kesho mtakutana na watu na mngependa kujua mapema watafanya nini. Nawajua kwa kuwa ndivyo nilivyoishi. Nina miaka 71. Nilikuwa fundi wa maabara kwa miaka 31, na nilikuwa na miaka 54 daktari aliponiambia kwamba nina usonji, ile hali ya ubongo iitwayo pia autism. Lakini madaftari yangu ya kuwasoma watu nilianza kuyaandika nikiwa na miaka 16, na leo yamejaza sanduku zima.

Ninalowaletea nimelitoa maabara. Mizani mbili zikipima kitu kimoja na kutoa majibu mawili, fundi haulizi ipi inatumiwa na wengi. Anachukua jiwe la mizani ambalo uzito wake unajulikana, analiweka juu ya hii, kisha juu ya ile. Zote mbili zinakaguliwa. Katika jambo hili letu la kutoelewana na watu wasio na usonji, kwa miongo mingi ilikaguliwa mizani moja tu, nayo ni yetu. Kibaya zaidi, sisi wenyewe tukazoea kuikagua hiyohiyo.

Daftari langu la kwanza lilikuwa na ukurasa wenye kichwa "Makosa yangu". Halikuwa na ukurasa wa makosa ya wengine, wala wa mambo ambayo hakuna aliyekosea. Kila nilipoandika tukio, hukumu ilikuwa imeshaandikwa kabla. Nilijiita mtafiti moyoni, lakini nadharia tete ambayo hakuna tukio lolote linaloweza kuiangusha haijapimwa hata siku moja. Yangu ilisema kwamba mimi ndiye mbovu, na niliibeba miaka 38.

Nitawapa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote niliyojifunza. Nikiwa bado mgeni kazini, mwenzangu alinipa ripoti yake akasema, "Unaonaje?" Nilikaa nayo mchana kutwa. Nikamrudishia ikiwa na makosa 23 yaliyopigiwa mstari, kila moja na sahihisho lake pembeni. Nilidhani nimemtendea wema mkubwa, maana mimi mtu akiisoma kazi yangu kwa makini kiasi kile simsahau. Hakusema nami wiki mbili. Nikaandika kwenye daftari: "Usiwaambie watu makosa yao." Mwezi uliofuata mwingine akaniuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale. Nikamjibu kwamba ni nzuri. Huyu alikuwa anataka makosa kweli. Ripoti ikapanda kwa wakubwa na hesabu iliyokosewa, akanilaumu kwamba niliona nikanyamaza. Kanuni yangu haikumaliza hata mwezi mmoja.

Kwa miaka mingi nililichukua tukio hilo kama ushahidi kwamba watu hawaeleweki na kwamba mimi sifai. Siku nilipokutana na kazi ya mwanafalsafa wa Uingereza J. L. Austin ndipo nilipoelewa. Katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba sentensi hutenda kazi, haitoi habari tu. Mtu akisema "naahidi", hasimulii ahadi, anaifanya. Na sentensi moja inaweza kutumwa kazi mbalimbali. "Unaonaje?" huweza kuwa ombi la ukaguzi, au ombi la kutiwa moyo, au tangazo tu kwamba kazi imekwisha na mwenyewe amechoka. Kabla ya Austin, mwaka 1923, mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alikuwa ameandika kwamba maneno mengi tunayobadilishana tukikutana hayapeleki habari yoyote. Kazi yake ni kufunga uhusiano. Fikirini nilivyojisikia. Watu wawili wasio na habari yoyote nami walikuwa wamekaa chini kwa uzito wote kuchunguza kitu ambacho nilidhani ni mimi peke yangu nisiyekijua.

Basi nikabadili njia. Badala ya kubahatisha kazi ya swali, nikaanza kuuliza: "Unataka nikague, au unataka nijue tu kwamba umemaliza?" Nilidhani watu wataona ajabu. Wengi walinyamaza kidogo kisha wakajibu, na baadhi walikiri kwamba hata wao hawakuwa wameamua wanataka nini.

Hilo la mwisho lishikeni. Mnapomsoma mtu asiye na usonji mnaweza kudhani kwamba anajua sababu za matendo yake na anawaficha. Richard Nisbett na Timothy Wilson waliandika mwaka 1977 juu ya jaribio lililofanyiwa dukani. Waliwapanga wapita njia mbele ya jozi nne za soksi ndefu za nailoni, wakaombwa kuchagua iliyo bora. Jozi zote nne zilikuwa sawa kabisa. Hata hivyo ile ya mwisho upande wa kulia ilichaguliwa karibu mara nne ya ile ya kushoto. Walipoulizwa kwa nini, walitaja ubora wa ufumaji na mengine ya namna hiyo. Hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa, na walipoulizwa waziwazi kama mahali pangeweza kuwavuta, karibu wote walikataa.

Nilipolisoma hilo nilifungua madaftari yangu ya nyuma na kufuta neno "mwongo" kila nilipolikuta. Lilikuwamo mara nyingi, naumia kukiri. Mtu nikimuuliza "kwa nini ulikasirika?", jibu lake ni nadharia anayoijenga juu yake mwenyewe, kama ninavyojenga mimi juu yake. Amekaa karibu zaidi na data kuliko mimi, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya data hiyo haimfikii hata yeye. Na kwetu ni hivyohivyo. Msidhani kwamba sisi, kwa kuwa tunapenda usahihi, tunazijua sababu zetu vizuri zaidi.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa namna ya pekee. Mwaka 1944, Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi isiyo na sauti: pembetatu mbili na duara vikizunguka karibu na mstatili wenye mlango. Hakuna zaidi. Waliwaambia watu 34 waeleze walichoona. Karibu wote wakasimulia kisa: pembetatu kubwa ni mnyanyasaji, ile ndogo shujaa, duara ameogopa. Mmoja tu alieleza maumbo yakisogea. Nimemfikiria mtu huyo mara nyingi. Hakukosea, alisema kilichokuwapo kwenye kioo. Wale 33 waliona kitu ambacho hakikuwapo, na ndicho kinachowawezesha kuishi pamoja kwa wepesi, kwa sababu wote wanakiona kwa namna inayofanana. Ndipo ugumu wetu ulipo. Wengi wetu tunakiona kisa pia, ila kwa kuchelewa au kwa namna nyingine, na hapo ndipo mizani hutofautiana.

Sasa nije kwenye jambo lililonitoa machozi, ambalo ni la milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Tanya Stivers lilipima mazungumzo katika lugha kumi za pembe mbalimbali za dunia. Nafasi ya kawaida kati ya mwisho wa swali na mwanzo wa jibu ilikuwa kama milisekunde 200, na lugha zote zilikaribiana. Kumbe kuandaa neno moja tu ubongoni, hata la kutaja kitu kilicho kwenye picha, huchukua kama milisekunde 600. Hesabu haikubali, mpaka uelewe kwamba msikilizaji huanza kutengeneza jibu lake mwenzake akiwa bado anasema, kwa kukisia sentensi itaishia wapi.

Mimi nilikuwa nasubiri mtu amalize. Nilifundishwa kwamba ni adabu, na niliamini. Nikihakikisha amemaliza, nikalipima jibu langu, nikafungua mdomo, nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine zamani. Vikao vya miaka mingi nilitoka na maneno yangu yote ndani. Wakubwa wangu waliandika kwamba sichangii, na mimi nikaandika kwenye daftari kwamba akili yangu ni nzito. Wanangu, hakuna akili nzito hapo. Kuna mchezo wa kukisia unaochezwa kwa kasi, na kuna mtu ambaye hakuambiwa kwamba unachezwa. Nilipojua, nilianza kumwomba mwenye kikao mapema aniite kwa jina ifikapo hoja fulani, na nyingine nikazipeleka kwa maandishi kabla ya kikao. Mwaka ule ndipo watu walipojua kwa mara ya kwanza nilichokuwa nakifikiria. Liombeni hilo bila aibu. Asiyeona vizuri huomba karatasi ya herufi kubwa, na hakuna anayemwambia asubiri macho yapone.

Juu ya historia ya sayansi inayotuhusu sisi wenyewe nitapita haraka, kwa sababu mtaisoma wenyewe na sehemu yake inauma. Daktari wa akili Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, na katika maandishi yake mlikuwamo tayari mbegu ya kuwalaumu wazazi kwa ubaridi. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim aliipalilia mbegu hiyo kwa miaka mingi, na akina mama wengi waliteseka. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha: kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, nne wote wawili walikuwa na usonji, kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Kuanzia hapo uzito wa urithi ulikuwa mgumu kukanushwa.

Lakini kuna mmoja ambaye sitampita haraka, kwa sababu nampenda na amenifundisha kuogopa. Niko Tinbergen alikuwa mtaalamu wa tabia za wanyama. Mwaka 1963 aliandika kwamba tabia yoyote inaulizwa maswali manne: inasababishwa na nini sasa hivi, ilikuaje katika maisha ya kiumbe huyo, inamsaidia nini, na ilitokeaje katika historia ndefu ya jamii yake. Maswali hayo nimeyaandika kwenye jalada la kila daftari. Mtu akipandisha sauti, najiuliza ni kelele ya chumba iliyomchochea, ni malezi, ni kitu anachokilinda, au ni urithi tulio nao wote wa kupaza sauti tukiogopa. Yanazuia hukumu ya haraka kuliko chochote ninachokijua. Mwaka 1973 Tinbergen alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, na katika hotuba yake ya kupokea alizungumzia usonji. Yeye na mkewe walishikilia kwamba chanzo chake kikubwa ni mazingira na mahusiano ya utotoni, na baadaye waliunga mkono tiba ya kumkumbatia mtoto kwa nguvu hata akipinga. Mtu mwenye macho makali kuliko wote juu ya ndege alitutazama sisi akaona alichokuwa amekikisia. Alikuwa na maswali sahihi. Hakumuuliza anayetazamwa.

Ndege hawezi kuulizwa. Mtu anaweza, na asiyesema kwa mdomo anaweza kuulizwa kwa picha, kwa kibao cha herufi, kwa kumfuata anakokwenda na anachokikimbia.

Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha jaribio la wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kwenye kikapu chake na kuondoka. Anne anaihamishia kwenye sanduku. Sally akirudi ataitafuta wapi? Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walielekeza kwenye sanduku, mahali ilipo kweli, badala ya kwenye kikapu ambako Sally anaamini ipo. Ni jaribio safi, na matokeo yake yanastahili kufikiriwa. Kilichofuata ndicho kilichotuumiza: kutoka watoto 16, neno likasambaa kwamba watu wenye usonji hawawezi kujua kilichomo akilini mwa wengine, hata wale wanne waliojibu vizuri, hata mtu mzima anayemlea mama yake mgonjwa na kujua kwa sauti ya kikohozi kwamba leo hana raha.

Jiwe la mizani lilihamishiwa upande wa pili kwa kuchelewa sana. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia mwenye usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: watu wawili wenye namna tofauti za kuuhisi ulimwengu hushindwa kusomana, na ni makosa kumpa mmoja wao ugonjwa na mwingine cheti. Baada yake vipimo vikaanza kuja. Mwaka 2016 watafiti waliwapa watu pembetatu wazisogeze kuonyesha hisia, zile pembetatu za Heider na Simmel zikarudi tena, na wasio na usonji walizisoma vibaya zaidi zilizosogezwa na wenye usonji. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake walionyesha watu vipande vifupi vya video: waliotazama hawakupenda kukaa wala kuzungumza na wenye usonji, na waliamua hivyo kwa sekunde chache. Lakini watu waliopewa maneno yaleyale kwa maandishi tu, bila sura wala sauti, kwao ubaguzi huo ulitoweka. Maneno yetu hayakuwa na tatizo. Nililisoma hilo mara nne, kisha nikatembea nje mpaka giza likaingia.

Hapa nawaomba msifanye kama nilivyofanya mimi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh walichapisha jaribio la minyororo: mtu wa kwanza anasikia hadithi, anamsimulia wa pili, mpaka wa nane. Walikuwa watu 72. Minyororo ya wenye usonji watupu ilihifadhi hadithi vizuri kama ya wasio na usonji, na ile ya mchanganyiko ndiyo iliyopoteza zaidi. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia kila mtu, nikaliandika kwa wino mwekundu, nikasema sasa yamethibitika. Mwaka 2025 kundi hilohilo likarudi na watu 311. Safari hii minyororo ya aina zote tatu ilikuwa sawa. Ule upotevu wa mchanganyiko haukuonekana. Niliona kama nimenyang'anywa kitu.

Nilikaa nalo siku kadhaa. Kisha nikaona nilichokuwa nakifanya: nadharia ninayoipenda nilikuwa nailinda isipimwe, kama nilivyoilinda miaka 38 ile iliyonitesa. Kilichobaki baada ya majaribio yote mawili ni kwamba wenye usonji wanapeleka habari sawasawa na wengine, na hilo si dogo. Tukidai sayansi itutendee haki inapotuhukumu, hatuwezi kuikimbia inapotusahihisha. Kumbukeni pia mwaka 2015, majaribio 100 ya saikolojia yaliporudiwa na kama theluthi moja tu yakatoa matokeo imara tena. Na sehemu kubwa mno ya watu wanaopimwa katika saikolojia wametoka nchi chache tajiri za Magharibi, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu. Mnachokisoma kichukueni kama ramani ya mji wa jirani: inasaidia, lakini angalieni barabara mliyosimama.

Nina onyo mbili. Ya kwanza ni ya dharau. Vijana wetu wengi wanapenda majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950, ambamo mtu aliyezungukwa na kundi linalodanganya kwa makusudi juu ya urefu wa mistari huanza naye kukosea. Nasikia mkisema: mnaona, watu wengine ni kondoo, sisi tunaona ukweli. Someni matokeo yote. Kama robo tatu walifuata kundi angalau mara moja, ndiyo, lakini karibu theluthi mbili ya majibu katika mizunguko ile yalikuwa sahihi, mtu akisimama peke yake dhidi ya chumba kizima. Na alipowekwa mmoja tu mwingine aliyesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Sijui kitu kinachogusa zaidi juu ya binadamu kuliko hicho. Ukiwa na kipaji cha kusema mstari ulivyo, kuna mtu kwenye chumba hicho anayekusubiri uanze.

Onyo la pili nalitoa kwa majuto. Rafiki yangu wa karibu alifiwa na mwanawe. Nilisoma sana wiki ile juu ya huzuni, juu ya homoni za msongo, juu ya usingizi wa wafiwa. Nilipokwenda kwake nikamweleza yote kwa mpangilio, nikiamini kwamba akijua kinachotendeka mwilini mwake maumivu yatapungua, kwa sababu kwangu hupungua. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Nilitaka ukae tu." Sikumuuliza. Nilikuwa na maarifa yote ya watu na sikumuuliza mtu aliyekuwa mbele yangu. Urafiki ulirudi baada ya miaka mingi, si ule wa kwanza. Msimfanye mtu sampuli anapowahitaji. Na msimwandike mtu kwenye daftari kwa namna ambayo mngeona haya akilifungua na kusoma.

Mkiniuliza daftari liandikwe vipi, langu la sasa lina safu tatu: nilichoona, nilichokisia, na alichoniambia mwenyewe nilipomuuliza. Cha muhimu ni kwamba ukisio uandikwe kabla, na tarehe, la sivyo kumbukumbu itakubembeleza kwamba ulijua tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza wa safu tatu nilikosea mara nyingi kuliko nilivyopatia, na kosa lilikuwa na sura moja: nilikisia kwamba mtu amenikasirikia. Nilipouliza, alikuwa na njaa, au ana deni, au kichwa kinamuuma, au hakuniona kabisa. Hapo ndipo mizani yangu ilipokuwa imeegemea, na nisingejua kwa kufikiri tu. Ilibidi niandike.

Jisomeni wenyewe pia, na mwanzie mwilini. Kuna hali ya kushindwa kutambua na kutaja hisia zako, wanaiita aleksithaimia. Huonekana kwa karibu nusu ya wenye usonji, na kwa kama mtu mmoja katika ishirini miongoni mwa wengine. Mimi ni wa nusu hiyo. Nilikuwa najua nimeogopa saa sita baadaye. Sasa kabla ya kukutana na watu naandika mapigo ya moyo, usingizi wa jana, ukali wa taa na kelele. Mara nyingi nilichokiita "siwaelewi watu" kilikuwa taa ya chumba inayopepesa.

Na msitumie maarifa haya kujenga barakoa. Najua kishawishi chake. Niliivaa nikiwa kazini miaka yote 31, nikihesabu sekunde za kumtazama mtu machoni. Tafiti za miaka ya karibuni zinahusisha kujificha huko na wasiwasi, sonona, hata mawazo ya kujiua, na mwili wangu ulijua kabla ya tafiti. Kuijua lugha ya watu hakukulazimishi kuisema kutwa. Yeyote kati yenu ambaye mawazo hayo yamemfikia, weka barua hii chini, mwambie mtu leo, kwa maandishi kama sauti haitoki. Mengine yatasubiri.

Mniruhusu nimalizie na fumbo lililonisumbua tangu utotoni: kwa nini watu hawaondoki. Wanasema wanaondoka, kisha wanasimama mlangoni, wanaanza jingine, wanaaga tena. Mimi nikisema kwaheri nilikuwa nageuka na kwenda, na watu walidhani nimeudhika. Mwaka 1973 Emanuel Schegloff na Harvey Sacks walichapisha uchunguzi wao wa jinsi mazungumzo yanavyofungwa. Walionyesha kwamba hakuna anayeweza kuyafunga peke yake. Mmoja hutoa neno dogo lisilo na habari yoyote, la kumwambia mwenzake kwamba kwake yamekwisha, na kumwachia nafasi kama ana lililobaki. Mwenzake akirudisha neno kama hilo, wote wawili wako huru kuaga. Nilipolisoma nilitega masikio kwa wiki nzima, na nikayasikia maneno yetu yenyewe yakifanya kazi hiyo kila mahali, "haya", "basi", "sawa", maneno niliyoyasikia maisha yangu yote bila kujua kwamba ni mlango unaofunguliwa polepole ili mtu asitoke na neno moyoni. Sasa nami huyasema, na nikishayasema, nasubiri.

Haya basi, wanangu.

Bibi yenu wa madaftari